Pampu ya peristaltiki kwa visima vya Lubumbashi: nzuri sana, ila pima kina kwanza

Kwa yeyote anayechukua sampuli za maji ya chini ya ardhi hapa Lubumbashi, pampu hii naipendekeza. Kazi yangu iko kwenye visima vya uangalizi, yale mabomba ya inchi 2 yanayozamishwa ili kujua kama uchafu wa viwandani umefika majini. Zamani tulitumia kopo refu la plastiki lenye vali chini, la kushusha kwa kamba. Ni rahisi na halitaki umeme, lakini kila likitumbukia linavuruga tope lote lililotulia.

Na mjini kwetu balaa ni hilo tope. Miaka mingi ya kuyeyusha shaba imeacha risasi, kadimi, arseniki na kobalti udongoni, na metali hizo hung'ang'ania chembe za udongo. Sampuli ya metali hutiwa asidi ya nitriki hadi pH (kipimo cha uasidi) ishuke chini ya 2, zisije zikanata kwenye chupa. Sasa ukiitia kwenye maji ya tope, asidi inazing'oa metali kwenye chembe, na maabara inazihesabu kana kwamba zilikuwa zimeyeyuka majini. Shirika la Afya Duniani linataka risasi isizidi mikrogramu 10 katika lita ya maji ya kunywa. Kwa kipimo kidogo hivyo, tope kidogo tu linaharibu jibu. Familia inayochota kisimani ndani ya lupango wake (kiwanja cha nyumba yake) inastahili jibu la kweli. Isitishwe bure wala isitulizwe bure.

Pampu hii inakamua mrija wa silikoni kwa vigurudumu, kwa hiyo maji hayagusi chochote isipokuwa mrija. Kisima kikiisha, mrija unatupwa, unafungwa mpya. Naiunga kwenye betri ya gari na kuiendesha polepole, chini ya nusu lita kwa dakika. Maji huanza kutoka yakiwa na wekundu wa udongo wetu, kisha yanang'aa. Nasubiri pH, upitishaji umeme na oksijeni vitulie katika vipimo vitatu mfululizo, ndipo nafunga kichujio cha mikroni 0.45 mwishoni mwa mrija na kujaza chupa hapo hapo. Hakuna kumimina toka chombo hadi chombo kwenye vumbi la kiangazi.

Lawama yangu ni kwa karatasi ya maelezo. Inaahidi kuvuta maji kutoka mita 8, bila kusema kwamba hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Pampu ya kuvuta hutegemea uzito wa hewa, na sisi tuko kama mita 1,200 juu, hewa ni nyepesi. Huku mimi nahesabu mita 7, toka pampu hadi uso wa maji, hata mrija ukizama chini zaidi. Kisima kinachokubali mwezi wa tatu, mwezi wa kumi kabla ya mvua, maji yakiwa yameshuka, kinaweza kukataa kabisa. Hapo utahitaji pampu ya kuzamishwa.

Karibu na vituo vya mafuta usiitumie kupima benzeni, kemikali ya petroli inayogeuka mvuke upesi: mvuto wake hutorosha gesi kabla hazijaingia chupani.

Mirija ya akiba nunua mingi, ya kipenyo kilekile. Sehemu inayokamuliwa ndiyo huchoka kwanza, na mtiririko hupungua kabla hujaona ufa wowote.