Kamera za mkanda za mtumba: ipi ya kununua ukiwa Kigoma au Tabora

Ukiwa huku kwetu, kamera ya mkanda (yaani ya filamu) inunuliwe kwa kuangalia shata kwanza, ile sehemu inayofunguka na kufunga kupitisha mwanga, lenzi baadaye. Lenzi nzuri za zamani zipo tele. Fundi wa kufungua shata yenye umri wa miaka hamsini, kumpata Mwanga pale Kigoma au Tabora mjini ni shughuli, na kuituma Dar ni gharama juu ya gharama.

Nazungumzia renjifainda, zile kamera ambazo ukichungulia unaona kitu kimoja mara mbili, unazungusha lenzi mpaka picha moja ikae juu ya nyingine. Hazina kioo cha kuruka ndani, kwa hiyo sauti yake ni ndogo. Pale ufukwe wa Kibirizi, Kigoma, akina mama wakianika dagaa, unapiga bila ufukwe mzima kukugeukia. Ruhusa omba hata hivyo.

Namba moja kwangu ni Canonet QL17 GIII ya Canon, iliyotoka 1972. Lenzi ni ya milimita 40 na tundu la kupitisha mwanga linafunguka hadi f/1.7 (namba ndogo, tundu kubwa), inatosha kupiga ndani kwa mwanga wa taa. Shata yake ni vipande vya chuma vilivyo ndani ya lenzi, hivyo jua halina cha kuunguza. Betri ikifa, unapanga spidi na tundu kwa mkono na kazi inaendelea. Kinacholala ni kipima mwanga tu. Betri ya zebaki iliyokuja nayo haitengenezwi tena, lakini ile namba 675 ya vifaa vya kusaidia kusikia inatoa volti 1.4, karibu sawa na 1.35 ya zamani.

Ina kasoro moja inayotuhusu sana: spidi ya shata inaishia 1/500 ya sekunde. Ukiweka filamu ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa filamu kunasa mwanga), jua la saa saba mchana linataka f/16 kwa 1/500, yaani umeshafika mwisho wa kamera. Mchana tumia filamu ya ISO 100 au 125, au funga filta ya njano. Filta hiyo inapunguza mwanga kwa nusu na kulitia giza anga la bluu, mawingu ya juu ya ziwa yakajitokeza vizuri kwenye picha ya nyeusi na nyeupe. Sponji za mlango wa nyuma zinazozuia mwanga zikigeuka lami, badilisha mwenyewe kwa uzi mweusi wa sufu. Shata iliyoganda kwa mafuta mwachie muuzaji wake.

Namba mbili ni Canon P ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Mapazia ya shata ni ya chuma cha pua, spidi inafika 1/1000, haina betri wala kipima mwanga, na inapokea lenzi za skrubu za M39. Nyingi zina mapazia yenye mikunjo kwa sababu kuna aliyeyagusa kwa kidole. Mikunjo midogo haina neno, itumie kuombea punguzo. Ningeiweka juu kabisa, ila mara nyingi lenzi unainunua kando.

Yashica Electro 35, iliyoanza 1966, inapiga picha tamu, lakini ni mtumwa wa betri: bila betri inatoa 1/500 tu. Inatumia betri ya 4LR44 ya volti 6 yenye adapta. Ukivuta mkono wa kusogeza filamu, sikiliza "klak" ndani. Ukimya maana yake kipande cha mpira kimeoza, na hapo rudisha kamera mezani.

Zorki 4 ya Urusi naiweka mwisho ingawa ni ya bei nafuu na lenzi yake ya Jupiter-8 haina ubaya. Mapazia ni kitambaa chenye mpira. Iache wazi inatazama jua, lenzi inakusanya miale na kutoboa kitambaa, kila picha inatoka na doa jeupe. Pia usibadilishe spidi kabla ya kuvuta filamu, utavunja mtambo.

Leica M3? Uimara wake haubishaniwi. Bei yake pamoja na lenzi ni ya pikipiki.

Kabla ya kulipa, watu wa Kigoma wana kipimo cha bure: siku ya anga safi, lenga milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, lenzi ikiwa mwisho wa umbali. Zile picha mbili zisipokutana, ulengaji umehama. Tabora tumia mnara wa simu ulio mbali. Halafu fungua mlango wa nyuma, pitisha tochi ya simu ndani ya lenzi. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na unyevu wa ziwani utaizidisha. Piga kwa spidi ya chini kabisa uone kama shata inafunguka na kufunga bila kusita. Unanunua mtandaoni? Dai video ya haya yote. Muuzaji akianza maneno mengi, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Bakiza hela ya filamu na dawa ya kuisafisha. Majedwali ya kusafishia yanahesabu maji ya nyuzi 20, ya kwetu ni ya moto zaidi. Filamu ya Ilford HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huchukua dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 ni kama 9. Dawa isiyochanganywa inashusha muda karibu na dakika 5, na hapo filamu huanza kutoka na mabaka.