JBL CBT 100LA-1 ndani ya ukumbi wa zege: yote yako kwenye swichi ya nyuma

Chukua neno "nitalipa", kisha "nikalipa". Kinachoyatenganisha ni t na k tu, sauti mbili fupi ambazo nguvu yake ya kueleweka iko zaidi kati ya hezi 2,000 na 4,000. Ndani ya ukumbi wa zege na vigae, hizo ndizo za kwanza kumezwa. Waliokaa nyuma wanasikia kwamba mtu anaongea, wanasikia hata ukali wa sauti yake, lakini hawajui kama mchango unadaiwa au umeshalipwa. Spika tunayoihakiki hapa hununuliwa kwa ajili ya shida hiyo hiyo, na mara nyingi hulaumiwa bure kwa sababu imefungwa kama boksi la muziki.

CBT 100LA-1 ni spika nyembamba ya wima, urefu wake mita 1, na ina koni 16 (midomo midogo ya sauti) za inchi 2 zilizopangwa kwenye mstari mmoja. Kwa mlalo inatawanya sauti nyuzi 150, karibu ukuta hadi ukuta. Kwa wima ina swichi: nyuzi 15 au nyuzi 40. Swichi nyingine inachagua kati ya muziki na hotuba. Inakubali amplifaya ya omu 8 na pia laini ya volti 70 au 100, na bano lake la ukutani linageuka na kuinama. Ndani kuna saketi inayochelewesha na kupunguza kidogo sauti ya koni za pembezoni, ili mwale wa sauti usibadilike umbo kila masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani hezi) yanapopanda. Mbinu hiyo ilianza kwenye utafiti wa sonar wa jeshi la majini la Marekani. Mhandisi Don Keele ndiye aliyeileta kwenye spika za kawaida mwaka 2000.

Ili kujua inafanya nini, hesabu ukumbi kwanza. Tuseme upana mita 20, urefu mita 30, kimo mita 8, kuta za plasta, sakafu ya vigae, dari ya zege. Ujazo ni mita za ujazo 4,800. Jumla ya nyuso zote ni kama mita za mraba 2,000, na zege lisilo na kitu linanyonya takriban asilimia 3 tu ya sauti. Madirisha yaliyo wazi, tuseme mita za mraba 40, yananyonya yote yanayofika hapo kwa kuwa sauti inatoka nje na hairudi. Kwa kanuni ya Sabine (0.161 mara ujazo, gawanya kwa jumla ya unyonyaji) ukumbi ukiwa mtupu mwangwi unachukua karibu sekunde 7.8 kufifia. Ingiza watu 400, kila mmoja akinyonya kama mita ya mraba 0.45, inashuka hadi sekunde 2.8. Ndiyo maana majaribio ya Ijumaa jioni, ukumbi mtupu, hayamwambii fundi lolote kuhusu Jumapili asubuhi.

Hata sekunde 2.8 ni nyingi. Msemaji wa kawaida anatoa silabi tano hivi kwa sekunde. Mwangwi ukififia desibeli 60 kwa sekunde 2.8, silabi iliyopita inakuwa imeshuka desibeli 4 tu pale inayofuata inapoanza. Kila silabi inazaliwa juu ya mgongo wa ile iliyotangulia. Na hapa ndipo wenye kumbi wengi wanapokosea: wanaongeza sauti. Ukipandisha, sauti ya moja kwa moja inapanda na mwangwi nao unapanda kwa kiasi kile kile. Uwiano haubadiliki hata kidogo, masikio tu ndiyo yanayochoka.

Kinachobadilisha uwiano ni kuelekeza sauti kwa watu na kuinyima dari na kuta. Kwenye ukumbi wetu, boksi la inchi 12 lenye mtawanyiko wa nyuzi 90 kwa 60 lina umbali wa mita 7 hivi ambapo sauti ya moja kwa moja na mwangwi vinalingana. CBT ikiwa kwenye nyuzi 15, umbali huo unafika karibu mita 12. Ukitumia kanuni ya Peutz ya mwaka 1971, inayokadiria asilimia ya konsonanti zinazopotea, mtu aliye mita 20 kutoka kwenye spika anapoteza takriban asilimia 15 kwa boksi na 5 kwa CBT. Kumi na tano ndio mpaka unaotumiwa na mafundi wengi. Ukiuvuka, msikilizaji anakisia. Na boksi limependelewa hapo: nyuzi 90 kwa 60 za kwenye karatasi zinashika masafa ya juu tu. Kadiri masafa yanavyoshuka chini ya kilohezi 1, boksi hilo linazidi kumwaga sauti pande zote.

Sasa sogeza swichi kwenye nyuzi 40. Rudia hesabu, utapata mita 7 na ushee. Yaani umelipia spika ya gharama kubwa ukapata boksi. Hili ndilo kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote, kwa sababu swichi iko nyuma, na spika ikishafungwa ukutani hakuna anayepanda ngazi kuiangalia. Kwa ukumbi mrefu wenye mwangwi, weka 15 kabla ya kufunga bano, na uandike kwenye karatasi umeiacha wapi. Nyuzi 40 ni za chumba kifupi au chenye roshani.

Hata nyuzi 15 zina mwisho wake. Mstari wa mita 1 hauwezi kubana mwale kwa masafa yenye mawimbi marefu. Mwale wa nyuzi 15 unashikika kuanzia kama kilohezi 1.7 kwenda juu. Kwenye hezi 500 umeshatanuka hadi nyuzi 50 hivi. Kwa hotuba si mbaya, kwa kuwa konsonanti zinakaa juu ya hapo, ila maana yake ni kwamba besi ya sauti ya mtu bado inazunguka ukumbini na lazima ipunguzwe kwenye miksa. Kata kila kitu chini ya hezi 120 kwenye maikrofoni ya mzungumzaji, kisha punguza desibeli 3 au 4 kati ya hezi 200 na 400. Sauti itaonekana nyembamba ukiwa karibu na spika. Nenda nyuma ndipo uhukumu. Na kama miksa ina kitufe cha "echo", kirudishe sifuri. Jengo lenyewe limeshatoa echo ya bure.

Ufungaji ndio unaotofautisha fundi na fundi. Ukiweka kitovu cha spika kwenye kimo cha mita 3, na masikio ya aliyekaa kwenye benchi yako mita 1.2, elekeza mhimili kwenye safu ya mwisho: kushuka mita 1.8 katika mita 28 ni kama nyuzi 4 kuelekea chini. Ukiiacha wima kabisa, ukingo wa juu wa mwale unagonga ukuta wa nyuma karibu mita 7 kutoka sakafuni, na sauti hiyo inarudi mbele. Kwa waliokaa safu ya kwanza safari hiyo ya kwenda na kurudi ni mita 60, takriban milisekunde 172, mwangwi wa pekee unaosikika kama mtu wa pili anayerudia maneno. Ukiinamisha nyuzi 4, ukingo wa juu unagonga chini ya mita 5, mahali ambapo pazia zito linafika. Pazia hilo liwe na mikunjo mingi na lining'inie sentimita 10 kutoka ukutani. Likibandikwa flati linanyonya trebo peke yake.

Kuna gharama ya kuinamisha hivyo. Ukingo wa chini wa mwale unawafikia watu kuanzia mita 9 hivi, kwa hiyo safu za mbele ziko nje ya mwale unaobeba konsonanti. Dawa ni mbili. Shusha kitovu hadi mita 2.2 na uinamishe nyuzi 2 tu, mwale utaanza mita 6. Lakini hakikisha hakuna anayesimama mbele yake. Au ongeza spika mbili ndogo chini ya jukwaa kwa sauti ya chini kabisa, wati chache tu. Msikitini hesabu inabadilika: waliokaa kwenye zulia masikio yao yako karibu mita 0.8, kwa hiyo inamisha zaidi kidogo. Zulia linasaidia masafa ya juu na halifanyi lolote la maana kwenye besi, ndiyo sababu misikiti mingi yenye zulia nene bado inanguruma. Kuba ni hadithi nyingine: linakusanya sauti na kuirudisha mahali pamoja, na hakuna swichi ya spika inayoponya hilo isipokuwa kuzuia mwale usifike huko.

Ngapi zinunuliwe? Kwa ukumbi huu, moja katikati. Kwa nyuzi 150 inafikia pembe zote mbili. Ukiweka mbili kushoto na kulia, kwa msikilizaji aliye nyuma nguvu inayoingia kwenye mwangwi inaongezeka mara mbili huku anayoipata moja kwa moja ikitoka zaidi kwenye ile anayoielekea. Zile asilimia 5 zinakaribia 10. Bado ni salama, lakini umetoa pesa ili ushuke. Mbili zinafaa pale ambapo katikati kuna msalaba, mihrabu au skrini isiyoguswa. Ukumbi ukizidi mita 35 hivi, ongeza spika za katikati zenye dilei (sauti yake inacheleweshwa ilingane na ile ya mbele) badala ya kuongeza nguvu mbele. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti inasafiri mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo kila mita 10 ni milisekunde 29. Ongeza milisekunde 10 hadi 15 juu ya hapo ili masikio yaendelee kuamini sauti inatoka mbele.

Umeme wa sauti: usichanganye omu 8 na volti 100 kwenye amplifaya moja. Swichi ya kuchagua umeme ikiwa kwenye tepu ya transfoma (kiwango cha wati kwa laini ya volti 70 au 100) na amplifaya ikatoa omu 8, spika inanong'ona. Ikiwa kinyume chake, koni na amplifaya vyote viko hatarini. Laini ya volti 100 inafaa nyaya zikiwa ndefu, na jumla ya wati za tepu zote isizidi asilimia 80 ya uwezo wa amplifaya. Transfoma hazipendi besi, kwa hiyo kata chini ya hezi 80 kabla ya amplifaya. Swichi ya hotuba inapandisha masafa ya kati na inasaidia, ila ukishaiweka punguza mkono kwenye ikwalaiza, la sivyo maikrofoni italia kwenye kilohezi 2 hadi 3.

Maikrofoni nayo isiwe mbele ya mdomo wa spika. Mwale wa mlalo ni mpana, kwa hiyo spika ikiwa nyuma ya mhubiri inaingia moja kwa moja kwenye maiki. Isogeze mbele ya mstari wa mimbari, au ipandishe ili maiki ikae chini ya ukingo wa mwale. Mzungumzaji akikaa sentimita 60 badala ya 15, umepoteza desibeli 12 ambazo hakuna spika inayozirudisha bila mluzi (maiki kulia kwa kusikia spika yake yenyewe). Na kila maiki zinazofunguliwa zinapoongezeka mara mbili, nafasi kabla ya mluzi inapungua desibeli 3. Kwaya ikikaa chini, zima za kwaya.

Kwa muziki, isitegemewe peke yake. Chini ya hezi 100 haina kifua, na bendi ya gitaa la besi na ngoma inahitaji sabwufa. Kwa uwanja wa wazi honi za kawaida zinaishinda kwa umbali na kwa bei. Ndogo yake, CBT 50LA-1 ya nusu mita, inavutia kwa bei lakini mwale wake wa nyuzi 20 haushiki vizuri chini ya kilohezi 2.5, inatosha darasa au kanisa dogo lenye dari ya mbao. Zile spika za wima za dukani zisizo na jina, koni nne za inchi 4 kwenye boksi la sentimita 60, zinafanana nazo kwa umbo tu. Koni zikiachana sentimita 12, kuanzia kilohezi 2.9 zinatupa miale ya pembeni juu na chini, yaani konsonanti zile zile zinapelekwa darini.

Kuipima baada ya kufunga, acha "haloo, moja mbili". Mtu asome kwenye maiki, bila mpangilio, orodha ya maneno kama fika, pika, shika, zika, lika, na kaa, taa, paa, saa. Wasikilizaji watano, wawili safu ya mwisho kwenye pembe, mmoja katikati, wawili mbele, kila mmoja aandike alichosikia, ukumbi ukiwa na watu. Makosa yakijaa nyuma peke yake, inamisha upya. Yakijaa mbele, ongeza spika ndogo za jukwaani. Yakisambaa kote sawasawa, panda ngazi ukaangalie swichi.