Guitar Hero na Rocksmith: Upi Unafundisha Gitaa?
Guitar Hero, mchezo wa video uliotoka mwaka 2005, humpa mchezaji gitaa la plastiki lenye vitufe vitano vya rangi, hivyo anachojifunza hasa ni kufuata mapigo. Rocksmith, mchezo wa kampuni ya Ubisoft uliotoka mwaka 2011, hutumia gitaa halisi la umeme lililounganishwa kwa kebo, husikiliza kila noti, na huongeza ugumu kadiri mchezaji anavyoimarika. Hapa nyuzi ni sita, ncha za vidole huuma, na kidole kikibonyeza mbali na kimojawapo cha vyuma vyembamba vilivyo shingoni mwa gitaa, uzi hukwaruza badala ya kulia vizuri, jambo ambalo kitufe hakiwezi kamwe kumfundisha mtu. Anayetaka kupiga gitaa kweli nampendekezea Rocksmith bila kusita, ingawa haioni kifundo cha mkono kilichokakamaa; kwa hilo mwalimu bado anahitajika.