Vipimo 43 kwa watu wanne wa umri tofauti: uzoefu wangu na kifurushi cha uchunguzi wa afya

Tulikwenda wanne asubuhi moja, hatujatia kitu tumboni tangu usiku: mimi mwenye miaka 46, mume wangu 57, mdogo wangu wa kike 31, na mama yetu 68. Hakuna aliyekuwa anaumwa. Kituo kilikuwa na kifurushi cha familia walichokiita uchunguzi kamili, na mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu, kwa hiyo naona ni wajibu wangu kueleza nilichokiona, kizuri na kibaya. Kituo chenyewe sikitaji. Vifurushi vya namna hii vipo vingi, na kasoro ninayoilalamikia si yao peke yao.

Nianze na presha, maana hapo ndipo safari yetu ilipopata faida yake. Dada wa mapokezi alinipima pale pale kaunta, nimesimama, mkoba begani, huku najibu maswali ya fomu. Mashine ikasoma 149 kwa 93. Moyo ukanienda mbio. Tulipoingia ndani, muuguzi mmoja mtu mzima akaitazama ile karatasi, akaniambia, "Mama, hii hatuihesabu. Nenda msalani kwanza, halafu uje ukae." Nikakaa dakika tano kimya, mgongo kwenye kiti, miguu yote miwili sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya nguo. Hata mkanda aliubadilisha, akachukua mpana zaidi, akaniambia kwamba mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ambayo mtu hana. Akapima mara mbili, akipumzika dakika moja katikati. Ikawa 126 kwa 79.

Nimepimwa presha maisha yangu yote na sikumbuki kama nimewahi kupimwa hivyo.

Kwa mume wangu mambo yalikwenda kinyume. Alipimwa kwa utulivu ule ule, akatoka na 158 kwa 98. Akasema hajisikii chochote, kichwa hakimuumi, anapanda ngazi bila taabu. Muuguzi akamjibu, "Baba, presha haibishi hodi." Hakupewa dawa siku hiyo. Aliambiwa apime nyumbani siku saba, asubuhi na jioni, mara mbili kila anapokaa kupima, aandike zote, kisha za siku ya kwanza zisihesabiwe. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135 kwa 85, chini kidogo ya 140 kwa 90 inayotumika kliniki, kwa kuwa kliniki watu wengi presha huwapanda kidogo. Wastani wake ukawa 149 kwa 94. Sasa yuko kwenye dawa. Kama kifurushi chote kingekuwa kile kiti, ile meza na ule mkanda wa saizi yake, ningekisifu bila kusita. Presha ni ya kila mtu mzima kuanzia miaka 18: kijana asiye na hatari yoyote anaweza kupimwa kila baada ya miaka 3 hadi 5, ila ukishafika 40 inafaa iwe kila mwaka.

Sukari nayo ilikuwa na maana. Yangu, kabla ya kula, ilisoma 6.2. Kuanzia 7.0 ndiyo kisukari, nayo lazima irudiwe siku nyingine kabla ya mtu kuambiwa ni mgonjwa. Walinifanyia na kile kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, nikapata asilimia 5.9, yaani nipo kwenye ukanda wa tahadhari unaoanzia 5.7 hadi 6.4. Ni habari ninayoweza kuifanyia kazi, na ninaifanyia kazi. VVU na homa ya ini B na C zilipimwa kwa ushauri mzuri kabla ya sindano, na hizo kila mtu mzima anapaswa kuwa amepima angalau mara moja.

Sasa nije kwenye lililoniuma.

Karatasi ya majibu ilikuwa na mistari 43, na orodha ilikuwa karibu ile ile kwa wote wanne. Majibu yalikuja kwenye simu Ijumaa jioni, bila daktari. Mdogo wangu akaona mstari mmoja umeandikwa kwa rangi nyekundu: CA-125, kipimo cha protini fulani kwenye damu, 52, na mpaka ni 35. Akaingia kwenye intaneti, akakutana na saratani ya ovari. Kwa siku kumi na moja hakulala vizuri. Alikuwa ananipigia saa nane usiku, hasemi kitu, analia tu.

Tulipomfikia daktari wa wanawake, swali lake la kwanza lilikuwa kama siku ile ya damu mdogo wangu alikuwa kwenye hedhi. Alikuwa. Hakuna aliyemuuliza. Kipimo kile hupanda wakati wa hedhi, hupanda kwenye ujauzito, kwenye endometriosisi (pale tishu inayofanana na ya ndani ya kizazi inapoota nje yake), kwenye uvimbe wa kizazi usio wa saratani. Kina kazi yake kubwa kwa wanawake ambao tayari wanatibiwa, ili kuona kama dawa inafanya kazi. Kwa mwanamke asiye na dalili wala historia kwenye ukoo, wataalamu hawashauri kabisa kukitumia kutafuta saratani. Altrasaundi ikatoka safi, na kilipopimwa tena hedhi ilipoisha kikashuka hadi 21.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba kipimo ambacho mtu wa miaka 31 anakihitaji kweli hakikuwemo kwenye mistari yote 43. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani chache ambazo uchunguzi unaweza kuzizuia kabla hazijaanza, kwa sababu virusi vya HPV huchukua miaka mingi kuharibu chembe, na chembe zilizoharibika huondolewa mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo cha HPV kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa mwanamke anayeishi na VVU kuanzia 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Sampuli yenyewe mwanamke anaweza kujichukulia, faraghani. Lengo lao ni kwamba kufikia mwaka 2030, wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa kwa kipimo kizuri wakiwa na miaka 35, na tena wakiwa na 45. Mdogo wangu hakuwa amewahi kupimwa hata mara moja, na siku ile alitoka pale akiamini kwamba amechunguzwa kila kitu.

Daktari yule alinieleza jambo la hesabu ambalo ningependa kila anayenunua kifurushi alijue. Kile wanachokiita kiwango cha kawaida huwekwa kwa kawaida ili kiwachukue watu 95 katika kila 100 wenye afya. Watano wanaobaki ni wazima vile vile, ila namba zao zinaangukia nje. Ukimpima mtu mzima wa afya vipimo 20 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka na rangi nyekundu ni kama asilimia 64. Sisi tulipimwa 43 kila mmoja. Tulipolinganisha, hakuna hata mmoja wetu aliyekosa mstari mwekundu.

Mama naye alifanyiwa altrasaundi ya tezi ya shingo, wakakuta kivimbe cha milimita sita, akaanza kujipapasa koo kutwa nzima. Vivimbe vidogo vya namna hiyo ni vya kawaida kwa wanawake wa umri wake. Korea Kusini walipita njia hii: altrasaundi ya shingo ikawa inaongezwa kwenye uchunguzi wa kawaida, na kati ya 1993 na 2011 saratani ya tezi hiyo ikagunduliwa mara 15 zaidi, lakini vifo havikupungua. Wengi walikatwa tezi wakabaki kumeza vidonge vya homoni maisha yao yote kwa uvimbe ambao usingewadhuru. Daktari alisema kivimbe cha mama tukiache. Lakini mama huyu huyu mwaka juzi alijikwaa sebuleni akavunjika kifundo cha mkono, na hakuna aliyempima mifupa, ingawa kwa mwanamke aliyefika 65 kipimo cha uzito wa mifupa ni kati ya vile vya kuanza navyo. Tulimpeleka kwingine. Alama ikatoka -2.7, na kuanzia -2.5 kushuka chini ndiyo mifupa dhaifu inayohitaji matibabu.

Kwa mume wangu waliweka PSA, kipimo cha damu cha kutafuta saratani ya tezi dume, bila neno lolote. Ilitoka vizuri, namshukuru Mungu, lakini kuanzia 55 hadi 69 kipimo hicho ni cha mtu kukaa na daktari na kuamua mwenyewe, kwa kuwa kinaweza kupandishwa na maambukizi ya mkojo au tezi kukua tu kwa umri, na nyuma yake kuna kuchomwa sindano za kuchukua vinyama, na upasuaji. Halafu hawakumuuliza sigara. Alivuta pakiti moja kwa siku miaka thelathini, ameacha miaka sita iliyopita. Walimpiga eksirei ya kawaida ya kifua, ambayo haijathibitika kupunguza vifo vya saratani ya mapafu. Iliyothibitika ni CT ya mionzi midogo, picha ya mashine inayoonyesha mapafu vipande vipande. Marekani wanaishauri kila mwaka kwa watu wa miaka 50 hadi 80 waliovuta kiasi cha angalau pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, kama bado wanavuta au hawajatimiza miaka 15 tangu waache. Huyo ni yeye hasa.

Mimi mwenyewe kwa umri wangu nilipaswa kuulizwa mambo mawili, titi na utumbo mpana. Mamografia Marekani inashauriwa kuanzia 40 kila baada ya miaka miwili, Uingereza wanaanza kuita wanawake wakiwa na 50. Utumbo mpana Marekani ni kuanzia 45. Nchi zinatofautiana kwa sababu kila moja imepima faida na hasara kwa mizani yake, nami sioni aibu kusema nilichagua kuanza mapema. Kipimo cha choo ni rahisi kuliko nilivyodhani: unachukua sampuli mwenyewe nyumbani kwa kijiti kidogo, wao wanatafuta damu isiyoonekana kwa macho, na unarudia kila mwaka. Daktari aliuliza kama mzazi au ndugu yangu wa tumbo moja amewahi kuugua saratani hiyo, kwani hapo ningepaswa kuanza nikiwa na 40, au miaka 10 kabla ya umri aliougulia yeye, kwa kutegemea ipi inatangulia. Na umri huu wote ni wa mtu asiye na dalili. Mwenye kinundu kwenye titi au damu kwenye choo aende leo, hata kama ana miaka 25.

Nimewaandikia kituo. Nimewaomba daktari aonane na mteja kabla ya damu kutolewa, majibu mekundu yasitumwe Ijumaa jioni bila mtu wa kuyaeleza, na dada wa mapokezi akafundishwe na yule muuguzi. Wamejibu kwa adabu kwamba watalifikiria hilo la daktari.

Mwakani nitarudi pale pale, kwa muuguzi yule yule, lakini nitalipia kipimo kimoja kimoja. Mdogo wangu alishajichukulia sampuli yake ya HPV kwingine, na majibu yametoka wiki iliyopita. Hana virusi. Ameambiwa arudi baada ya miaka 5.