Kumwona Raguenet bila kulipa: Makumbusho ya Carnavalet na faili zake za mtandaoni

Nicolas-Jean-Baptiste Raguenet (1715–1793) aliichora Paris ambayo leo haipo: gati za mto Seine, viwanja, na madaraja yaliyobeba nyumba za watu mgongoni. Hakuwa mwanachama wa Akademia ya Kifalme, chama rasmi cha wasanii wa Ufaransa, na hiyo ni sababu mojawapo ya jina lake kufunikwa na la mchoraji mwenzake Hubert Robert. Robert alichora nyumba za daraja la Notre-Dame zikibomolewa mwaka 1786. Raguenet alizichora zikiwa bado na wapangaji. Kwa anayetaka kujua mji ulivyokuwa, Raguenet ndiye wa kuanza naye.

Pa kumwonea ni Makumbusho ya Carnavalet mjini Paris, 23 rue Madame de Sévigné, karibu na kituo cha metro cha Saint-Paul. Hufunguliwa Jumanne hadi Jumapili, saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mkusanyiko wa kudumu ni bure. Maonyesho ya muda ndiyo hulipiwa, kwa hiyo usipange foleni ya tiketi bila sababu. Picha zake nyingi hazifiki hata mita moja kwa upana, na watu wake ni wadogo mno. Ukisimama mbele kabisa, vanishi inaweza kukurudishia mwanga wa taa machoni. Sogea pembeni kidogo.

Hata hivyo, tunaipa alama za juu zaidi huduma ya mtandaoni ya Paris Musées, inayosimamia makumbusho ya mji huo. Tangu Januari 2020 imeachia picha za kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha: unapakua, unachapisha, hata kuuza, bila kuomba ruhusa. Andika Raguenet pekee kwenye kisanduku cha kutafutia. Jina refu lenye vistari huandikwa kwa namna tofauti tofauti na linaweza kukunyima matokeo. Faili huja kama zip, yenye picha na karatasi ya maelezo, mengi kwa Kifaransa.

Anza na picha ya mashindano ya mabaharia kati ya daraja la Notre-Dame na daraja la Pont-au-Change. Ikuze hadi nyumba za darajani zijaze skrini. Hapo utaona zimepangwa ukuta kwa ukuta, madirisha ghorofa juu ya ghorofa, na chini yake maji yakipita kwenye matao. Kisha fungua ile ya daraja la Pont-Neuf na pampu ya Samaritaine, jengo lililosimama mtoni likivuta maji ya kupeleka jumba la Louvre, lilibomolewa 1813. Majengo ameyachora kwa uangalifu wa mpima ardhi. Watu wake, tuseme kweli, wamekakamaa kama sanamu, na alirudia mandhari zile zile kwa wateja tofauti. Basi linganisha tarehe kabla ya kudhani umepata picha mpya. Zima pia hali ya usiku ya simu, la sivyo kijivu cha anga yake kitageuka manjano.

Kwenye kuchapisha ndiko watu wengi huharibu. Faili yenye pikseli 3000 kwa upana, kwa nukta 300 kwa inchi, inatoa chapa ya sentimita 25 tu. Ukiitaka kwenye karatasi ya A3, utashuka hadi nukta kama 180. Ukutani bado inapendeza, ila ukiisogelea nyuso zinavurugika. Tatizo kubwa zaidi ni umbo. Turubai zake nyingi upana wake unakaribia mara mbili ya kimo, ilhali A3 ni mara 1.4 tu. Fundi akibonyeza kitufe cha kujaza karatasi, takriban sehemu ya tano ya picha hukatwa pembeni, na pembeni ndiko ziliko gati na nyumba. Mwambie aache ukanda mweupe juu na chini, kama sentimita tatu kila upande. Omba kwanza kipande kidogo cha majaribio, maana anga lake hafifu huelekea zambarau kwenye mashine isiyorekebishwa rangi.

Makumbusho ya Getty, Los Angeles, nayo ina mandhari zake mbili za mwaka 1763, moja kutoka Pont-Neuf na nyingine ya kisiwa cha Cité. Hizo pia hupakuliwa bure.