TAHADHARI: Soketi na swichi za "ofa ya leo tu", msitume hela kabla hamjazishika

Ndugu zangu mnaojenga, hasa mliofika hatua ya kufunga umeme, naomba msome hili.

Kuna muuzaji wa vifaa vya umeme anajitangaza mtandaoni kwa picha za kuvutia mno: soketi twin mbili (zile za kuchomeka plagi mbili), swichi na tundu la antena, zote zimekaa ubavu kwa ubavu nyuma ya runinga, zimenyooka kama mstari wa rula. Anasema mzigo uko Kariakoo, ni orijino, na ofa inaisha jioni hiyo hiyo. Simtaji jina kwa sababu tangu nianze kumdai amebadilisha jina la ukurasa mara mbili. Shikeni mbinu zake.

Nililipia soketi twin 12 na swichi 8, hela yote kwa simu. Bodaboda akaleta maboksi yamefungwa vizuri, yana chapa ya kampuni inayojulikana. Sikufungua hata moja mbele yake, na hilo bado linaniuma.

Fundi alipoanza kazi, ukuta wa sebuleni uligoma kunyooka. Hii imeinama, ile imezama, katikati pana upenyo. Nilimlaumu fundi, nikamwambia amechimbia ovyo maboksi ya ukutani yanayobeba soketi, nikamkata elfu thelathini. Hakubishana. Alichukua pima maji akaiweka juu ya maboksi ya ukutani: yamelala sawa. Kisha akashika soketi mbili mpya akaziegemeza mgongo kwa mgongo. Moja ndefu kuliko nyingine, na matundu ya skrubu hayakutani. Uso wa swichi ya kawaida ni milimita 86 kwa 86, na yeye alikuwa ameacha nafasi kati ya maboksi kwa kipimo hicho ili nyuso zikutane bila kupandiana. Vifaa visivyolingana hata vyenyewe kwa vyenyewe, fundi gani atavinyoosha? Nimemwomba radhi na hela yake nimemrudishia.

Ningezitoa zote siku ile. Sikuzitoa, na wiki ya tatu jikoni kukanuka plastiki inayoungua. Jagi la kuchemshia maji lilikuwa limechomekwa, plagi haishikiki kwa moto. Jagi lenyewe ni la wati 2,200, kwa umeme wetu wa volti 230 linavuta kama ampea 10, na nyuma ya soketi imeandikwa ampea 13, yaani ilitakiwa ilimudu. Tukazima men swichi, tukafungua. Upande wa laivu, unaoleta umeme, umekuwa mweusi, plastiki imeyeyuka. Fundi akakwangua kwa kisu vile vibati vinavyobana pini: rangi ya njano ikabanduka, ndani ni chuma. Sumaku ikanasa palepale. Skrubu kunasa si ajabu, lakini vibati hivyo vinatakiwa viwe vya shaba na viibane pini kwa nguvu. Vikilegea, mgusano unakuwa mbaya, joto linapanda, joto nalo linavilegeza zaidi.

Kilichonikosesha usingizi ni kingine. Soketi ya pini tatu iliyo halali ina vizibo ndani ya matundu ya laivu na nyutro (yale mawili yanayopitisha umeme), na kwa kawaida vinafunguka pale pini ndefu ya ethi, ile ya usalama, inapotangulia kuingia. Hizi hazina. Ukichungulia unaona chuma moja kwa moja, na nina mtoto anayetambaa.

Muuzaji nilipompigia alisema umeme wa kwangu una shida. Mara ya pili akasema fundi wangu hajui kazi. Mara ya tatu namba yangu ilikuwa imezuiwa.

Kwa hiyo lipeni mzigo ukiwa mkononi. Fungueni maboksi mawili matatu, si moja la juu tu. Linganisheni nyuso, chungulieni vizibo, chomekeni plagi msikie kama inabana. Anayekataa msifungue, mrudishieni mzigo wake. Mliokwisha kutapeliwa, tunzeni maboksi na ujumbe wa malipo. Suala la ubora lipelekeni TBS (Shirika la Viwango), na la chapa bandia Tume ya Ushindani. Mimi nimeanza kufuatilia.

Na kama zimeshafungwa ukutani kwako, usisubiri harufu. Leo hii usichomeke jagi, pasi wala jiko la umeme kwenye soketi hizo. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji), azime men swichi, afungue moja uone vibati vyake kwa macho yako.