Glaida ya laki na themanini, na kipande cha plaiwudi kilichonitia aibu Nala

Ilikatika ikiwa juu ya kichwa changu. Sauti yenyewe ndogo tu, kama mtu kavunja muwa, halafu yale mabawa niliyoyajenga wiki tano yakapiga kofi huko huko juu na kiwiliwili kikashuka peke yake kama mkuki, moja kwa moja kwenye shamba la zabibu la bibi nisiyemjua, huko Nala, nje ya mji wa Dodoma. Watoto waliokuja kutazama wakashangilia. Walidhani ndivyo inavyotakiwa.

Hasira haijaisha, ingawa ni siku nyingi sasa. Nilitaka niandike neno moja tu, "msinunue", nikalale. Nimeshindwa, kwa sababu kisa chenyewe hakikubali neno moja.

Kwa asiyejua, glaida ni ndege isiyo na injini. Hii ni ya kujijengea: sanduku linakuja na vijiti na vibao vya balsa, mbavu za mabawa zimekwisha kukatwa, na mchoro wa kutandaza mezani unaojengea juu yake. Mabawa ni mita 2 ncha hadi ncha. Rimoti inaamuru vitu viwili tu, usukani wa mkiani na kile kibao cha nyuma kinachoinua na kushusha pua. Kwa mwanafunzi vinatosha, maana mabawa yamekunjwa kwenda juu pande zote mbili kama mikono ya mtu anayeomba dua, na ndege ikilala upande inajirudisha yenyewe ukiiacha. Tatizo letu wanafunzi ni kwamba hatuiachi.

Niliinunua duka moja la Kariakoo linaloagiza vitu vya namna hii kwa oda. Jina silitaji. Laki na themanini, bado rimoti, risiva (inayopokea amri za rimoti ndani ya ndege) na sevo (vijimota vinavyosukuma usukani na kile kibao), ambavyo nilivitafuta kwingine. Mzigo ukaja Dodoma kwa basi, sanduku limebonyea kona moja, ndani salama.

Na hapa lazima niseme kweli: zile wiki tano za kujenga zilikuwa tamu. Meza ya kulia iligeuka karakana. Kila jioni nikitoka kazini navua viatu, nabana mbavu na pini juu ya mchoro, natia gundi, nasubiri. Balsa ni mbao ya ajabu, unaishika kama umeshika mkate mkavu, lakini ukishaunganisha boriti ya juu na ya chini kwa vibao vya katikati, bawa linakuwa gumu hadi unashangaa ugumu umetoka wapi. Gundi ya supa ilinigandisha vidole mara tatu. Mama watoto alinikopesha pasi ya kubandikia ile plastiki ya kufunika mabawa (inanywea ikipata joto, inakaza kama ngoma), na pasi hiyo hadi leo haijarudi kwenye nguo, kanunua nyingine kimya kimya bila kunisemesha.

Bawa la kushoto lilitoka limejipinda. Kama na lako litajipinda, usiogope: likamate, lipindishe kinyume kupita kiasi kidogo, mtu mwingine apitishe pasi juu chini, liache lipoe hujaliachia. Mimi nilifanya na kijana wangu wa darasa la sita. Ukilitazama kwa nyuma makali yote yawe sawa. Bawa lililopinda litakuzungusha upande mmoja siku nzima, na utamlaumu mtengeneza sevo bure.

Kuhusu mizani. Mchoro unaonyesha mahali pa kuinyanyulia ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, theluthi moja hivi kutoka mbele, na ikae sawa bila kuinama nyuma. Yangu iliinama nyuma vibaya sana. Inataka risasi puani na sandukuni hakuna hata kipande. Nikaenda kwa fundi wa tairi nikamwambia kijana, naomba risasi. Akanitazama, akatazama barabarani, akauliza, "Za nini mzee?" Ilibidi nimwonyeshe kwa kidole vile vipande vya kubalansi magurudumu. Alinipa vilivyotumika, bure. Nilijifunza hapo pia kwamba kila gramu unayoongeza mkiani utailipa mara kadhaa puani, kwa hiyo mkiani gundi iwe ya kudondosha, isiwe ya kumwaga.

Raba za kufungia mabawa kwenye kiwiliwili zilikuja zimekauka, ukizivuta zinakatika kama tambi. Nilikata zangu kwenye tyubu ya baiskeli. Hili nalo nililiandika kwenye daftari la malalamiko, lakini sasa naliona dogo.

Kubwa ni kiungo. Mabawa yanakuja vipande viwili ili uweze kuyabeba, na katikati yanashikwa na ulimi wa plaiwudi wenye umbo la V pana, unachomeka huku na huku. Uzito wote wa ndege ikiwa angani unaning'inia hapo. Kipande kirefu kama kalamu mbili. Maelezo yamekitaja kwa mstari mmoja. Mimi nikakichomeka kama nilivyoambiwa, na hilo ndilo kosa ninalolikubali: sikukitazama.

Siku za kwanza nilirusha kwa mkono tu, kwenye nyasi, pua ikitazama upepo. Unaisukuma, huirushi kama jiwe. Ilikwenda hatua 40, ikatua kwa tumbo taratibu. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikasema sasa manati.

Manati ya glaida ni ile ile ya kupigia ndege tulipokuwa wadogo, isipokuwa sasa wewe unairusha ndege badala ya kuitungua. Kigingi ardhini, mita 15 za mpira, kisha mita 60 za mshipi wa kuvulia, mwisho wake pete na kitambaa chekundu. Pete unaipachika kwenye ndoana iliyo chini ya tumbo la ndege, unarudi nyuma hadi mpira ukaze, unaachia. Ndege inapanda kama tiara, ikifika juu pete inachomoka yenyewe. Wanaojua wanasema uvute kwa nguvu ya mara tatu hadi tano ya uzito wa ndege. Yangu ina gramu 780, kwa hiyo kilo 3 hivi zinatosha. Nilipima kwa mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki. Naam, nilipima. Siku ile ya mkosi, kwa sababu watoto walikuwa wengi na mmoja alisema "vuta zaidi babu", sikupima. Nilirudi nyuma hatua kadhaa za ziada. Sitaki kusema ngapi.

Basi, ka! Nimeshaeleza.

Bibi mwenye zabibu nilimkuta kasimama na kiwiliwili mkononi kama kashika kuku. Nilimsalimia "mbukwa" na shikamoo juu yake, nikaanza kuomba radhi kabla hajauliza. Mzabibu mmoja ulikuwa umevunjika tawi. Akaniambia, "Mjukuu wangu, pole. Imekufa?" Nikasema imekufa, bibi. Akacheka hadi akakaa chini. Hakutaka hela ya tawi. Kwenye kisa hiki chote ni yeye tu aliyenipa pole.

Kesho yake nikampelekea fundi seremala wa mtaani kwetu kile kiungo kilichokatika. Sikumweleza kitu. Alikigeuza mara moja tu, akatema mate pembeni. "Nani kakata hivi?" Plaiwudi ile ni ya tabaka tatu. Nyuzi za tabaka mbili za nje zinatakiwa zilale kufuata urefu wa kipande, ndizo zibebe mzigo. Kwenye kiungo changu zilikuwa zimekatiza, zinatoka juu kwenda chini, na tabaka la katikati peke yake ndilo lililoachiwa kazi. Akachukua nusu iliyobaki, akaikunja kwa vidole viwili. Ka! Tena. Mtu asiyewahi kuona glaida maishani mwake alijua ndani ya sekunde tano kile ambacho kiwanda kizima hakikujua, au kilijua kikaona plaiwudi inabaki vizuri ikipangwa hivyo.

Sasa njoo dukani. Nilikuwa na safari ya Dar, nikapanda treni ya umeme, vipande vya kiungo kwenye bahasha kama ushahidi wa mahakamani. Kijana wa dukani, umri wa mtoto wangu wa kwanza, hakuinua macho kwenye simu. Shikamoo hakuna. Nikamwagia hoja zangu zote za nyuzi na tabaka. Akasikiliza nusu, akasema, "Mzee, hii umerusha vibaya. Vitu vya watoto hivi vinataka utaratibu." Nikamwambia mtoto gani mwenye laki na themanini. Akasema, "Ukishafungua sanduku haturudishi." Nikasema sitaki kurudisha, nataka kiungo kizima kimoja, kipande cha mbao cha elfu mbili! Akamwita mwenzake: "Oya, kuna mzee kavunja ndege." Wakacheka, na mteja mmoja naye akacheka.

Kuniambia nimerusha vibaya kuliniuma kuliko kucheka, kwa sababu kuna nusu kweli, na yeye hakujua kuwa kuna nusu kweli, alisema tu ili niondoke. Kiungo kizuri kingestahimili zile hatua zangu za ziada. Nadhani kingestahimili. Hivyo vya kwao vingekatika siku nyingine yoyote, labda juu ya kichwa cha mtoto wa mtu.

Fundi seremala alinitengenezea kipya. Alikuwa na ubao wa mninga, akachana vipande vyembamba viwili nyuzi zikifuata urefu, akavigundisha pamoja, akaviacha kwenye jiliwa usiku kucha. Mimi nikavizungushia uzi wa kushonea katikati na kulowesha gundi. Kimeongeza gramu kumi na kitu, lakini ziko katikati ya ndege, mizani haikuyumba. Pua nilijenga upya kwa kibao cha boksi la matunda. Plastiki ya kufunikia rangi ile iliisha, kwa hiyo ina kiraka cha bluu, watoto wanaiita "kilaka".

Na hapa ndipo ninapopotezana na hasira yangu mwenyewe. Msimu wa kiangazi ulipokolea nilirudi Nala, saa tano asubuhi, jua linachoma, ardhi tupu baada ya mavuno. Nikavuta kwa mizani, kilo 3, nikaachia. Ilipanda, pete ikachomoka, na ikaanza kushuka polepole kama kawaida. Upande wa pili wa uwanja chamchela kadogo kakainua vumbi na maganda ya alizeti, na juu yake mwewe wawili wanazunguka bila kupiga bawa. Nikaipeleka kule. Bawa la kulia likanyanyuka lenyewe, kama mtu kaligusa. Nikazunguka upande huo. Ikaacha kushuka. Halafu ikaanza kupanda, haina injini, haina betri ya kuisukuma, gramu zangu mia nane na mwewe wawili tunapanda pamoja. Shingo iliniuma. Dakika 11. Niliishusha kwa woga tu kwamba itapotea machoni. Ilipokuwa inarudi kwangu nilichanganya kushoto na kulia kama kila mtu anavyochanganya, nikakumbuka dawa yake: sukuma kijiti upande wa bawa linalolala. Ikanyooka. Ikatua kwenye mabua.

Basi nisemeje? Ndege hii mchoro wake ni mzuri. Aliyeichora anajua kazi, na wala simchanganyi na aliyekata plaiwudi. Nilikuja hapa kusema msinunue, na sasa naona nitakuwa mwongo. Nunueni, mtupe kiungo siku ile ile. Ila ukinunua duka lile unamlipa yule kijana, na hilo nalo linanikereketa. Kama una ndugu wa kukuletea kutoka nje, mpe huyo hela. Kama huna, basi. Na kabla ya yote ulizeni mamlaka ya usafiri wa anga, mkae mbali na uwanja wa ndege. Mimi Nala niliichagua kwa sababu hiyo.

Nilikuwa nimefika hapa wiki iliyopita nikaliacha andiko halijaisha. Juzi simu ikaita, namba ya Dar. "Shikamoo mzee wangu!" Sauti niliijua. Habari za Dodoma, habari za familia, habari za mvua. Kumbe kuna wateja wengine wawili mabawa yamewapigia kofi, mmoja ni mtu mzito kidogo, na kijana kakumbuka kuwa yule mzee wa bahasha alisema habari za nyuzi. Anauliza kama naweza kumtumia "kile cha mninga", hata vitatu, atalipa.

Nilimwambia elfu kumi na tano kimoja. Akasema mzee punguza. Nikamwambia viwili nitavipakia kwenye basi. Cha tatu aje achukue mwenyewe, na nilipomwambia Dodoma treni inafika, akanyamaza.